Orodha ya maneno haimtambulishi mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo juu ya orodha za "maneno ya siri ya mashoga" zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, eti mzazi akimsikia mwanawe anatamka neno fulani ajue ana mtoto wa namna gani. Wanaoziandaa hawajui misimu ya lugha inavyofanya kazi.

Chukua shoga lenyewe. Uswahilini, Magomeni hadi Temeke, mwanamke humwita mwenzake "shoga yangu" na hakuna anayegeuka. Akiambiwa mwanamume, ni tusi. Orodha haina pa kuonyesha nani kamwambia nani, na kwa sauti gani. Mengine yanayojazwa humo ni lugha ya vijiweni tu, hata konda wa daladala anayo.

Lugha za siri za kweli zipo, na zimechunguzwa. Polari, lugha ya siri ya mashoga wa Uingereza, ilichota Kiitaliano, Kiromani, Kiyidi, na maneno ya mabaharia na watu wa majukwaani. Sentensi zilibaki za Kiingereza. Yaliyobadilishwa ni maneno yenye hatari, kama mtu, mwili, uzuri na polisi. Sababu ni rahisi: ukibadilisha kila neno, aliyekaa jirani anashtuka, ukibadilisha mawili matatu, anadhani ni umbea wa kawaida. Mengine yaliundwa kwa kinyume. Watoto wetu hugeuza silabi, nyumba ikawa mbanyu. Wasemaji wa Polari waligeuza herufi, hair, yaani nywele, ikawa riah. Gayle ya Afrika Kusini ina ufundi mwingine (mimi naona ni bora zaidi): huchukua jina la mwanamke linaloanza kwa sauti ileile ya kitu. Dora ni kinywaji, yaani drink kwa Kiingereza, na Priscilla ni polisi. Ukisikia "Priscilla anakuja", utadhani kuna mgeni anasubiriwa.

Kinachoziua lugha hizi ni kujulikana, pamoja na kukosa kazi. Kati ya 1965 na 1968 redio ya BBC ilirusha vichekesho vya Julian na Sandy, waliozungumza kwa Polari, na mamilioni ya wasikilizaji wakayazoea maneno yake. Mwaka 1967 sheria ya England na Wales ikaacha kuwaadhibu wanaume wawili wa miaka 21 na zaidi kwa wanayoridhiana faraghani. Miaka ya 1970 baadhi ya wanaharakati mashoga wenyewe wakaikataa Polari, wakisema inawadharau wanawake na kuwafanya wao kichekesho.

Sasa rudi kwenye orodha zetu. Neno la siri likishachapishwa, waliolihitaji hulitupa na kuunda jingine. Wanaobaki nalo ni wasichana, wapiga soga na vijana wanaoiga, na hao ndio watakaonyooshewa kidole. Hapa kwetu, ambako adhabu ya ngono ya kinyume cha maumbile, chini ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, inafika kifungo cha maisha, kumtuhumu mtu kwa sababu ya neno si utani.

Kwa hiyo gazeti lako likilazimika kuandika neno la aina hii, mwandishi aeleze nani humwambia nani, mtaa gani, kwa mzaha au kwa tusi, na limesikika mwaka gani. Asipopata majibu hayo kwa wasemaji wawili wasiojuana, aliache neno hilo.

Msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam