Dawa ya neva isikatike

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Ninaumwa neva ya tano ya kichwa, ile inayopeleka hisia kwenye paji la uso, shavu na taya. Maumivu yake hupiga kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, yanaachia, yanarudi. Na upepo wetu huu mnaujua! Ukinipata shavu la kulia nje ya mtandio, kazi imesimama. Kupiga mswaki, kutafuna ugali, hata kubana pini midomoni ninapopima gauni, vyote huyaamsha. Kabla ugonjwa haujatambuliwa niling'olewa magego mawili yasiyo na tundu lolote, maana kila aliyenitazama alidhani ni jino.

Daktari alinieleza kwamba mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva hiyo karibu na shina la ubongo. Upasuaji wa kuvitenganisha upo, lakini kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa vidonge vya kabamazepini, vilevile anavyomeza mwenye kifafa. Dozi huanza ndogo, ikapandishwa taratibu, kwa kuwa huleta usingizi na kizunguzungu. Mwanzoni niliyumba hadi nikasingiziwa pombe, jambo lililoniuma sana. Lakini vilinirudisha mezani na wanangu, baada ya kipindi kirefu cha kunywa uji kwa mrija.

Kinachonifanya niandike ni kukatika kwa dawa. Kabamazepini si dawa mpya wala ya anasa. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, dirishani ninajibiwa mara kwa mara, "Imeisha, mama, kanunue nje." Duka nalo likikosa, ninapunguza vidonge ili vifike mwisho wa wiki, na shoti zinarudi. Kwa jirani yetu mwenye kifafa ni hatari zaidi, kwa sababu akiikosa ghafla degedege linaweza kumrudia mfululizo.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe dawa hii inafika hadi vituo vya afya, na sisi ambao dozi zetu zimeshatulia tupewe ya miezi mitatu kwa mara moja. Vipimo vya damu tutaendelea kuja kupima kama daktari anavyoagiza.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe