Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Matembezi ya chama chetu cha wapenda reptilia huko Karoo na Highveld, Afrika Kusini, yalifanyika, picha ziliingizwa kwenye kumbukumbu, na vijana walifundishwa kumtambua kifutu. Nawashukuru waliojitolea.

Lililotugawa mwaka huu ni ramani ya rekodi za wanyama mnazotuletea. Kamati, chini ya uongozi wangu, iliondoa kwenye ramani ya wazi alama za mahali hasa wanapopatikana viumbe watatu: Smaug giganteus, yule mjusi mkubwa wa miiba wa nyasi za Free State na Mpumalanga, Ouroborus cataphractus, mjusi anayejiviringisha na kuuma mkia wake, na kobe Psammobates geometricus wa Western Cape. Sasa ramani inaonyesha mraba wa robo digrii tu, takriban kilomita 25 kila upande. Kipimo hicho hicho kilitumika katika atlasi ya reptilia wa Afrika Kusini, Lesotho na Swaziland iliyotolewa na SANBI, taasisi ya taifa ya bayoanuwai ya Afrika Kusini, mwaka 2014, na hakuna aliyelalamika.

Nimeambiwa kwamba nimewapora wanachama jasho lao. Sikubali. Kila rekodi ingali na jina la aliyeileta. Kilichofichwa ni anwani ya mnyama. Smaug hukaa katika shimo lake miaka na miaka, kwa hiyo alama ya leo bado itamfikisha mwizi wa wanyama pale pale baadaye. Ouroborus huishi kwa makundi katika nyufa za miamba. Mtu mmoja mwenye mtaimbo huondoka na ukoo mzima, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida, mara chache wawili. Wageni wamewahi kukamatwa na kuhukumiwa Western Cape kwa kubeba mijusi hawa. Mlitaka tuwachoree njia?

Wapo waliosema jembe ndilo linaloua kuliko wezi. Ni kweli, na sijawahi kulipinga. Kobe wa Western Cape amebaki katika vipande vya renosterveld, uoto wa vichaka vifupi, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi hiyo imelimwa, na mjusi Tetradactylus eastwoodae wa Woodbush, Limpopo, ametoweka kabisa baada ya nyasi zake kupandwa misonobari. Ndiyo maana alama kamili tumewapa wenye mashamba na mamlaka za hifadhi za majimbo, maana hao ndio wenye uwezo wa kulizuia trekta. Barua zao zote nimeziandika mimi, usiku, baada ya kazi, na mafuta ya kuwafikia nimelipa mfukoni mwangu.

Kinachoniuma ni kwamba uamuzi huu uliletwa mbele ya mkutano mkuu. Tuliisubiri akidi hadi wazee wakachoka, na waliolalamika kwa sauti kubwa kwenye kundi la simu hawakuonekana. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa ada, baadhi kwa mwaka wa pili mfululizo. Bima ya matembezi hailipwi kwa maoni.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatumaini kwenda Eastern Cape kumtafuta Bitis albanica, nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, na kuzungumza na wenye mashamba wengi zaidi. Kamati pia itaangalia namna ya kuwapa wanachama waliolipa nafasi ya kuona rekodi zao kwa ukamilifu. Ada zipokelewe na mweka hazina kabla ya mkutano mkuu, na wenye hoja kuhusu ramani waje nazo ukumbini.

Mwenyekiti