Hiyo tezi itolewe nzima

Mambo Rehema,

Za siku nyingi, wazee na watoto natumai hawajambo. Nimesoma meseji yako kuhusu Juma nikakosa usingizi, ndo maana naandika badala ya kusubiri wikendi.

Unasema wamechoma sindano kwenye tezi ya shingoni, majibu yametoka hamna kitu na nyumba nzima mmepumua. Mimi bado sijapumua. Ile sindano nyembamba inanyonya seli chache tu, na limfoma, ile saratani ya tezi za limfu ninayoihofia, haisomwi hivyo, mtaalamu anatakiwa aone tezi ilivyojipanga ndani. Kwa limfoma aina ya Hodgkin ndo kabisa, seli zenyewe za ugonjwa ni chache mno katikati ya seli za kawaida kibao, sindano inazikosa kirahisi. Ombeni itolewe nzima, kama haifikiki basi ile sindano nene inayokata kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi. Wakishakipata wanakipima alama za kwenye seli kama CD20 na CD30, hapo ndo inajulikana ni aina gani, na kila aina ina dawa zake.

Na nakusihi, asianzishiwe prednisoloni, ile dawa ya steroidi, kabla kinyama hakijatolewa!! Tezi inaweza kusinyaa, mkashangilia, halafu kinyama kikija kutolewa hakisomeki vizuri. Unakumbuka, ndo yaliyomkuta Hamisi.

Vipimo vya damu vitafuata, LDH (kimeng'enya cha kwenye damu), HIV, homa ya ini B, hivyo msivikatae. Kuna na PET skani ya kuangalia ugonjwa umefika wapi, anakaa bila kula kama masaa 6, anachomwa sukari yenye mionzi kidogo, anatulia karibu saa nzima ndo anapigwa picha, panapofyonza sukari sana panang'aa. Ila hata TB inang'aa Rehema, kwa hiyo picha peke yake haitoshi, tunarudi palepale kwenye kinyama. Kipimo cha uboho wa nyonga, ule ute wa ndani ya mfupa, kisimtishe mapema, siku hizi si kila mgonjwa anachukuliwa.

Sasa niambie, hiyo tezi ina muda gani na inaongezeka? Kuna nyingine kwapani au kinenani? Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa? Homa je? Kilo zimepungua? Kuna dawa yoyote ashapewa? Na nani anaenda naye kliniki, wewe au Salma? Piga picha karatasi ya majibu unitumie leo leo, nataka nijue wameandika hakuna ugonjwa au wameandika sampuli haikutosha, maana hayo ni mambo mawili tofauti.

Msalimie sana Juma.

Wako,
Asha