Umeme haunyonyi damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji. Wiki iliyopita gazeti lako liliandika habari za kijana aliyefariki baada ya kushika waya uliochubuka. Shuhuda mmoja alisema marehemu "alinyonywa damu na umeme", na habari ikaishia hapo, kana kwamba chanzo cha kifo kimeshaelezwa. Maneno hayo nimewahi kuyasikia, na siku hiyo yalisaidia kuua mtu.

Ilikuwa masika, kwenye karakana ya kuchomelea mageti jirani na shule ninayofundisha. Sakafu ilikuwa imelowa. Kijana mmoja, msaidizi wa fundi, alikuwa pekupeku ameshika fremu ya geti, na waya wa mashine ulikuwa umeungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Tulisikia mguno mfupi, kisha kimya. Alikuwa amesimama wima, vidole vimekaza kwenye chuma. Mwenzake akakimbilia meni swichi, akaizima, kijana akaanguka.

Watu wakambeba hadi kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, wakamfukia hadi kiunoni ili ardhi ivute umeme uliobaki mwilini. Mwingine akaja mbio na paketi ya maziwa kutoka dukani, wakampanua mdomo. Zilipita zaidi ya dakika kumi kabla bajaji haijapatikana. Nami nilikuwepo, mwalimu wa Baiolojia, nimemshikilia kichwa kisiangukie mchangani, nikiamini namsaidia.

Hospitalini muuguzi wa zamu alituuliza swali moja tu: "Aliyekuwa anamkandamiza kifua njiani ni nani?" Tukatazamana. Hakuwepo.

Ndugu Mhariri, damu ya yule kijana haikwenda popote. Mtu mzima ana damu kama lita tano, na yake yote ilikuwamo mwilini. Alipauka kwa sababu pampu ya kuisukuma ilikuwa imesimama. Ilisimama kwa sababu moyo wenyewe unaendeshwa kwa umeme, na umeme wa nje ulikuwa umeuvuruga ule wa ndani.

Wasomaji wanaochinja siku ya Idi Kubwa wameliona hili kwa macho yao. Mnofu umeshatoka kwenye mfupa, uko kwenye sinia, na bado unachezacheza. Ukiunyunyizia chumvi unacheza zaidi. Watoto hukimbia wakidhani mnyama bado ana roho. Kilichomo ni chaji: kila seli ya msuli ni kibetri kidogo, ndani hasi, nje chanya, tofauti ikiwa karibu milivolti 90 msuli unapopumzika. Chumvi ina sodiamu, na sodiamu inapopenya ndani chaji inageuka ghafla, kalsiamu inaachiwa, nyuzi za msuli zinavutana. Daktari Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliona miguu ya chura ikiruka alipoigusa kwa metali mbili tofauti, na mwaka 1791 akachapisha hoja yake kwamba mwili una umeme wake. Mwanafizikia Alessandro Volta, Mwitaliano mwenzake, alimpinga kwa nguvu, akisema umeme ule ulitoka kwenye zile metali. Kuhusu metali Volta alikuwa sahihi, na kuhusu mwili Galvani alikuwa sahihi.

Hapo ndipo ilipo maana ya ule usemi wetu kwamba mtu "ameshikwa na umeme". Umeme hauna mikono. Ule wa majumbani kwetu hugeuka upande na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila mara unaamrisha misuli ya mkono ikaze kabla haijapata nafasi ya kulegea. Misuli inayofumba kiganja ina nguvu kuliko inayokifumbua, kwa hiyo mtu anaukamata waya kwa nguvu zake mwenyewe asiweze kuuachia. Ndiyo maana kumvuta kwa mkono mtupu ni kujiunga naye. Zima swichi kwanza. Usipoifikia, msukume kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Na umeme ukishakatwa, hakuna unaobaki mwilini ukisubiri kuvutwa na mchanga. Mguse bila hofu. Maziwa usimpe, kwani mtu aliyezimia hamezi, yatamwingia mapafuni.

Sasa moyo. Huu ni msuli wa aina yake, maana haungoji amri ya ubongo ili upige. Juu ya chumba chake cha kulia kuna kisehemu kidogo kinachojichaji na kujifyatua chenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kila kikijifyatua, wimbi la umeme linatambaa kwenye vyumba vya juu, linacheleweshwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ili damu ishuke, kisha linamwagika vyumba vya chini na msuli wote unakaza kwa pamoja. Wimbi hilo ndilo linalosomwa na mashine ya ECG kwa waya zinazobandikwa kifuani.

Wenyeji wa pwani wanajua jahazi linavyoshushwa majini. Watu ishirini wamelishika, mmoja anaita, wote wanaitikia na kusukuma kwa wakati mmoja, na jahazi linasogea. Wachukue watu hao hao wenye nguvu zile zile, kila mmoja asukume kwa wakati wake: watatoka jasho na jahazi lisitikisike. Ndivyo moyo unavyokuwa ukipigwa na umeme. Haukauki wala hauungui. Unatetemeka, kila uzi ukijivutia wenyewe, na damu haisogei. Mkondo wa miliampea 100, yaani sehemu moja ya kumi ya ampea, ukipita kifuani unaweza kuleta hali hiyo, na hata chini ya hapo. Balbu ya zamani ya wati 60 inatumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Mashine ya kushtua moyo hufanya jambo linaloshangaza wengi: inampiga mtu umeme ili kumwokoa na madhara ya umeme. Inawanyamazisha wasukuma jahazi wote kwa mpigo mmoja, ili mwitaji asikike tena. Lakini ni lazima akute watu bado wana nguvu, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo dakika zile za mchangani zilipotuponyoka.

Kile kibetri cha seli hakijichaji bure. Kwenye utando wa kila seli kuna pampu zinazotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, saa zote, hata usingizini. Pampu hizo zinaendeshwa na ATP, yaani nishati ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula na oksijeni. Na ATP yenyewe inatengenezwa kwa nguvu ya umeme: ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vilivyomo kwenye seli, chembe za haidrojeni zenye chaji hulundikwa upande mmoja wa utando mwembamba mno, na zikiteremka kurudi huzungusha kimeng'enya kinachounda ATP, kama maji ya bwawa la Kidatu yanavyozungusha mitambo. Mwanasayansi Mwingereza Peter Mitchell alipolisema hili mwaka 1961 wengi walimpuuza. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel.

Basi umeme unatengeneza nishati, na nishati inatunza umeme. Damu ikisimama, oksijeni inakatika, ATP inakwisha na chaji inafifia. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Saa chache baadaye misuli ya maiti inakakamaa, kwa kuwa hata kulegea kunahitaji ATP: nyuzi zilizoshikana haziachiani bila hiyo. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Nasi tulitumia zaidi ya kumi kuchota mchanga.

Mikono mitupu inaweza kuufidia kwa kiasi upungufu huo wa oksijeni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama haitiki wala hapumui kawaida, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza kwenda chini sentimita tano hadi sita, achia kifua kiinuke kabisa, rudia mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine apige simu na kutafuta usafiri. Moyo huenda usianze kupiga kwa kukandamiza peke yake, lakini damu inasogea na ubongo unapata oksijeni.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Alishtuliwa kwa mashine mara 15, na kati ya mshtuko na mshtuko kulikuwa na mikono juu ya kifua chake. Yu hai. Mashine zile sisi mtaani hatunazo, na ningependa kuziona viwanjani, bandarini na kwenye viwanda. Lakini mikono tunayo tangu zamani.

Baada ya msiba ule nilikwenda kujifunza huduma ya kwanza kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Nilijisikia vibaya sana kugundua kwamba somo lenyewe ni la alasiri moja. Vitabu vyetu vya Baiolojia vinaitaja huduma ya kwanza, na kwa miaka yote nilikuwa naiandika ubaoni, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Siku hizi tunapiga magoti sakafuni. Tunatumia mto mgumu uliojazwa sufi, kila mwanafunzi anabonyeza dakika mbili kamili na mwenzake anahesabu kwa sauti. Wengi wanachoka kabla ya dakika ya kwanza kwisha, na hapo wanaelewa kwa nini lazima wapokezane. Mwaka jana binti mmoja aliniomba auchukue mto nyumbani akamfundishe baba yake, ambaye ni fundi wa umeme. Nilimpa.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Ajali hizi hazijaisha. Masika mengine yanakuja na nyaya zimeungwa kwa nailoni kila kona. Mwandishi wako akitumwa tena kwenye tukio la namna hii, asiishie kuandika kwamba marehemu alinyonywa damu. Awaulize waliokuwepo swali la yule muuguzi, na jibu watakalotoa alichape kama lilivyo.

Mwalimu wa Baiolojia,
Tanga