Asante, dada wa LEAD

Dada yangu, jina lako silitaji kwa kuwa hukupenda litajwe, lakini asante lazima uisikie. Mdogo wangu aliponaswa Seattle, huku Marekani, na vidonge vichache vya kulevya mfukoni, askari angeweza kumsweka ndani. Akakuita wewe. Ndivyo mpango wenu wa LEAD unavyofanya kazi tangu ulipoanzia mtaa wa Belltown, hapo Seattle, mwaka 2011: kwa makosa madogo ya dawa za kulevya, mtu anakabidhiwa kwa mhudumu kama wewe badala ya kupelekwa jela.

Nilidhani utaanza na mahubiri. Wewe ukamuuliza kama amekula, ukampa soksi kavu. Soksi! Hukumwekea sharti la kuacha kwanza ndipo asaidiwe. Ulihangaika naye mpaka akapata kitambulisho, ukampeleka kliniki ya methadoni, dawa ya kutuliza arosto, na alipopotea ulimtafuta chini ya madaraja, mvua ikikunyeshea. Wengine tungeshakata tamaa, na mimi ni ndugu wa damu.

Bado anateleza, nisiseme uongo. Ila siku hizi simu zangu anapokea. Mama kule Tanga anakuombea kila swala.

Ukipita kwangu Kent, jirani na Seattle, pilau ipo. Mafaili yaache ofisini, njoo ule.