Gunia lile nililibeba mimi

Mhariri habari za kazi,

Naandika kujibu barua ya msomaji wako ya wiki mbili zilizopita kuhusu ile nyumba ya kulelea paka huku kwetu Kigamboni. Ye anasema ameona kwa macho yake mwezi wa tano, usiku, watu wanatoka na gunia wanaenda kuchimba shimo nyuma chini ya mwembe, na kwamba pale paka wanaingia wazima wanatoka wafu, halafu mwishoni akagusia na lile la kwamba nyama yao tunawauzia wauza mishikaki. Mhariri, aliyebeba gunia ni mimi. Najitolea pale mwaka wa tatu sasa, mchana niko gereji nafungua injini za watu, zamu yangu inaanza jioni ndo mana tunazika usiku, hamna siri nyingine hapo. La mishikaki sitalijibu, mtu ajiulize tu kwanini uchimbe shimo futi tatu na kumwagia chokaa kitu unachotaka kuuza.

Ila kwenye jambo moja hajadanganya. Paka walikufa. Walikufa 11 ndani ya siku 9, na kwa nyumba yenye paka 46 hiyo si idadi ya kuificha.

Ilianza na boksi. Pale kwetu mambo mengi yanaanza na boksi, boksi la tambi, boksi la sabuni, siku moja beseni limefunikwa na khanga, unafika asubuhi unalikuta getini na ndani kuna kitu kinalia. Hili la mwezi wa tano lilikuwa na watoto wanne wa kama miezi miwili, wachangamfu, wanakula, wanaparamia suruali. Utaratibu ni kwamba paka mgeni anakaa peke yake chumba cha nyuma siku 14 kabla hajachanganywa na wenzake, lakini chumba cha nyuma kilikuwa kimeshajaa maboksi mawili ya wiki ile ile, kwahiyo hawa wanne tukawaweka kwenye korido tukaweka ubao wa kuwazuia. Hapo tulikosea na nasema wazi tulikosea, mi mwenyewe ndo niliyepigilia ule ubao. Mvua ya masika ilikuwa inapiga, unamtoa wapi mtu roho ya kuwaacha nje.

Siku ya nne nafika jioni nakuta mmoja, wa rangi ya majivu, amekaa mbele ya bakuli la maji. Kichwa amekiinamisha juu ya maji kabisa, pua inakaribia kugusa, lakini hanywi. Nikadhani ana usingizi. Bi Mkubwa (sisi wote tunamwita hivyo, ni nesi mstaafu, hii nyumba ni yake na paka ni wake kwa maana ya kwamba pensheni yake inaishia kwenye matumbo yao) akaja akamwangalia kama sekunde tano tu akaniambia funga geti, asiingie mtu, na viatu vyako viache hapo hapo ulipo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa panlukopenia, sisi pale tunauita pavo ya paka kwa sababu kirusi chake ni ndugu na kile kinachoua mbwa kwa pavo. Binadamu hatuambukizwi, hilo naomba majirani walisikie. Kinachofanya ni kushambulia sehemu za mwili ambazo seli zake zinazaliana haraka, yaani utumbo, na uboho wa ndani ya mifupa ambako chembe nyeupe za damu zinatengenezwa. Kwahiyo paka anatapika, anaharisha mpaka damu, maji yanamwisha mwilini na wakati huo huo hana askari hata mmoja wa kupigana. Kwa watoto ambao hawajachanjwa wengi wanakufa. Na mtoto anaweza kuwa nacho siku kadhaa, hata wiki na kitu, anacheza kabisa huna habari, wale wanne walivyokuwa wanaparamia suruali yangu tayari walikuwa nacho.

Dawa ya kukiua hicho kirusi hamna. Unachofanya ni kumshikilia paka asife mpaka mwili wake ujipange, dripu chini ya ngozi ya shingo, sindano ya kuzuia kutapika, dawa ya kuzuia bakteria wasipite kwenye utumbo uliochanika, na joto. Daktari wa mifugo alikuja siku mbili za mwanzo, baada ya hapo akatuelekeza kwa simu na Bi Mkubwa akawa anachoma mwenyewe. Tulikuwa tunapima joto kila baada ya masaa manne. Paka mzima ana joto la 38 mpaka 39 na kidogo, mwanzoni wanapanda mpaka 40 na zaidi, na wewe usiyejua ukiona limeshuka unafurahi unasema homa imekata. Likishuka chini ya 37 na paka hajainuka, hiyo si nafuu. Usiku wa kwanza nilimpigia Bi Mkubwa simu chumbani kwake nikamwambia mama yule wa majivu joto limeshuka. Akakaa kimya kidogo akasema haya, mfunike vizuri, kaa naye. Alikata roho saa tisa kasoro, nimemshika kwenye kitenge na chupa ya maji ya moto, na sijui kwanini nilikuwa naendelea kubadilisha yale maji ya chupa hata baadaye.

Wote wanne wa korido waliondoka. Kisha wakafuata saba wa chumba cha nyuma, maana ubao wa mbao hauzuii kitu kinachotembea kwenye viatu na mikono na ufagio. Hilo ndo gunia aliloliona msomaji wako, na si mara moja, tulilibeba mara tatu.

Sasa angeniuliza ningemwambia na upande wa pili. Wale wakubwa 29 waliokuwa wamechanjwa, wanalala ukuta mmoja na wagonjwa, hakufa hata mmoja. Hata mmoja Mhariri. Wawili walikataa chakula siku moja basi. Chanjo yenyewe ni ile ya tatu kwa moja, inazuia pavo na zile mafua mbili za paka, mtoto anaanza kuchomwa akiwa na wiki 6 hivi, kwenye nyumba yenye paka wengi hata wiki 4, halafu unarudia kila wiki mbili tatu mpaka afikishe miezi minne mitano. Watu wanalalamika kwanini sindano nyingi hivyo, ni kwa sababu mtoto aliyenyonya dang'a ya mama yake anapata kinga ya muda, na hiyo kinga ya mama inaikataa chanjo, na hakuna anayejua itaisha wiki gani, kwahiyo unarudia rudia ili mojawapo ikute mlango uko wazi.

Baada ya hapo tukafunga kupokea wiki mbili na tukaosha. Hicho kirusi kinaweza kukaa sakafuni hata mwaka mzima kikisubiri, spiriti haikiui, ile jeli ya kupaka mikononi haikiui. Jiki inakiua, ila ukimwaga jiki juu ya uchafu unapoteza hela, kwanza sabuni usugue mpaka uchafu usionekane tena, ndo jiki sehemu moja kwa maji kama ishirini, uache dakika 10. Mablanketi yote tukachoma moto. Na hapa naomba niseme kitu kwa wema kabisa, watu waliposikia tuna ugonjwa walituletea Dettol chupa nyingi tu, mungu awabariki, lakini ile dawa inayogeuka nyeupe kwenye maji ni sumu kwa paka, anaikanyaga anajilamba miguu anaumwa, kwahiyo kama una paka nyumbani usideki nayo. Kama ilivyo panadol. Kidonge kimoja tu kinatosha kuua paka, ini lake haliwezi kukimeng'enya kama letu, na kila mwaka kuna mtu anakuja na paka ufizi umekuwa kama chokoleti anasema alikuwa na homa nikampa nusu.

Katikati ya hayo paka wetu mmoja, jina lake Mstaafu, naye akafa. Huyu hakufa kwa pavo, figo zilikuwa zimechoka, alikuwa paka shume mzee, jicho moja, tulimtoa soko la samaki la Feri akiwa ameunguzwa mgongo na mafuta. Alikuwa na tabia ya kulala mlangoni mwa chumba cha watoto. Tulimzika peke yake, sio kwenye gunia. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nirudi kwenye boksi maana ndo shida yenyewe. Anayeleta boksi anaamini anaokoa. Mara nyingi ni mtu mzuri kabisa, amesikia vitoto vinalia nyuma ya choo, mama haonekani, akasema wametupwa. Mama hajawatupa, kaenda kutafuta chakula, na wewe umesimama pale na tochi na watoto wako watatu unategemea arudi? Sogea mbali, kaa masaa kadhaa, ukitaka kujua kama anakuja waangalie matumbo yao, kama wamejaa na wamelala kimya basi ananyonyesha. Mtoto wa siku mbili anakuwa na kama gramu 100, macho yanafumbuka baada ya wiki hivi mpaka mbili, hawezi kujipasha joto mwenyewe, hawezi hata kukojoa bila mama kumlamba. Sisi tunafanya kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu. Kila masaa mawili matatu, usiku na mchana. Tunawapima kwenye mizani ya jikoni, asipoongeza kama gramu 10 kwa siku ujue kuna tatizo. Na wengi wanaokuja kwenye boksi wanakuja wa baridi na tumboni wamejaa maziwa ya ng'ombe ambayo yanawaharisha. Mtoto wa baridi hapewi chakula, tumbo limesimama, kinaoza ndani au kinaingia kwenye mapafu. Unampasha joto kwanza taratibu. Nimeshapokea boksi lina chupa ya maziwa imewekwa kwa upendo kabisa pembeni na vitoto vitano, vitatu tayari vigumu.

Mama yao akiachwa palepale na akapewa vichwa vya samaki anafanya kazi yote hiyo bure na anaifanya vizuri kuliko mimi. (Vichwa vya samaki mi navitoa Feri, navuka navyo na pantoni kwenye ndoo, ukitaka siti ya kukaa peke yako pantoni hiyo ndo njia.) Watoto wakiacha kunyonya, hapo sasa ndo utuletee mama, afungwe uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anabeba kama siku 63 hivi, na anaweza kubeba tena kabla hata hawa hawajaacha kunyonya. Ukimwacha huyo mmoja, mwakani una maboksi kumi. Na mtu akija na boksi, sawa, tutapokea, lakini piga simu kwanza tukwambie leo chumba cha nyuma kina nafasi au hakina, usitupie ukutani saa nane za usiku. Sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008 ila sheria haikai getini usiku, anayekaa ni Bi Mkubwa na magoti yake.

Kuna na hili la masikio maana nalo nimelisikia kwenye kijiwe, kwamba tunakata masikio ya paka kwa ajili ya uganga. Kile kipande cha ncha ya sikio la kushoto kinakatwa wakati paka amelala kwa dawa anafungwa uzazi, ni alama, ili tukimwona mtaani tusimkamate tukampasua mara ya pili. Akiwa na sikio lililonyooka juu kama limepigwa rula, huyo ameshamaliza, muache ale panya wako.

Sitaki kusema kila kitu ni kibaya. Kipindi kile kile cha pavo kulikuwa na jike mmoja aliyeingia na mimba, hatujui kama alipata kirusi pale kwetu au alikuja nacho, ye mwenyewe hakuumwa. Akazaa watatu. Wawili walipoanza kutembea wiki ya tatu tukaona wanayumba, kichwa kinatikisika, wanaenda mbele wanaangukia upande kama abiria wa daladala iliyokata kona. Kirusi kikimkuta mtoto tumboni kinaharibu ile sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Haiumi, haizidi, na wanaishi miaka yao yote kama kawaida, ila tu bakuli lazima liwe zito na ngazi uzibe. Mmoja tumemwita Kona. Anajua kupiga mahesabu, akitaka kufika kwenye chakula analenga pembeni yake kwa sababu ameshajua mwili utampeleka upande wa pili.

Mtu wa kwanza ninayemwomba atulelee hao wawili ni huyo huyo msomaji wako, kama bado anakaa karibu na sisi na anaamka usiku namna hiyo. Namkaribisha, sina kinyongo naye, ningeona gunia saa tano usiku hata mi ningeandika. Aje jioni yoyote, aache viatu mlangoni, na kama ana magazeti ya zamani abebe, maana tukishaosha na jiki tunatandika magazeti, kwa siku yanaenda kama kilo mbili. Lile lenye barua yake nililikuta limetandikwa chini ya Kona. Nikauchana ule ukurasa nikaubakiza ndo nimeutumia kukujibu, kurasa zilizobaki amezilalia.

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam