Barua kwa binti yangu: unga wa muhogo na vimeng'enya ulivyosema ni vya kukariri

Mwanangu hujambo. Huku Newala wote wazima, bibi yako magoti yanamsumbua kidogo na hii baridi ila anakula vizuri. Juzi ulivyopiga nilikuwa kwenye bodaboda sikukujibu inavyotakiwa, ulisema biolojia imekushinda pale kwenye haidrolesi, eti ni majina tu ya kukariri, alafu hapohapo ukasema mmenunua unga wa muhogo sokoni mnapika ugali na wenzio hosteli. Hayo mambo mawili ni jambo moja mama, na hilo la unga ndo limeninyima usingizi.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe, na haidrolesi ni kile kinachokata kwa kutumia maji. Basi. Penye kiungo kati ya vitu viwili kinaingiza molekuli ya maji, kiungo kinaachia, kila upande unaondoka na sehemu yake ya hayo maji. Amilesi ya kwenye mate ni mmojawapo, tafuna tonge la ugali mtupu muda mrefu bila kumeza utasikia utamu unakuja, ni wanga unakatwa huo. Tumboni kuna pepsini ya protini, kuna laipesi ya mafuta, hata machozi yana lisozaimu inayochana kuta za bakteria, na aliyeigundua ni Fleming yuleyule wa penisilini. Hayo yapo kwenye notsi zako, mi nakuambia ya kwetu.

Muhogo mchungu ukiwa mzima ardhini sumu yake bado imefungwa. Ina kitu kinaitwa linamarini, yani glukosi, ambayo ni sukari, imeshikamana na kipande chenye sianidi, ndo sumu yenyewe, imehifadhiwa kwenye kifuko ndani ya seli. Kimeng'enya chake, linamaresi, kiko nje kwenye ukuta wa seli. Wanakaa vyumba tofauti hawakutani. Sasa panya au ngiri akiuma, seli zinapasuka, wanakutana, maji yapo, glukosi inakatwa, kile kinachobaki hakitulii kinaachia sianidi mdomoni mwa huyo aliyeuma. Ndo ulinzi wa mmea, na ndo maana wazee wetu walipenda kupanda mchungu kwenye mashamba ya mbali yenye wanyama waharibifu.

Bibi yako hajawahi kusikia neno linamaresi lakini kazi yake miaka yote ni kuwakutanisha hao wawili kabla chakula hakijafika mdomoni. Unakumbuka kisamvu, ulivyokuwa unalalamika mikono inauma, si tukatekate tu kwa kisu tukabandike jikoni? Majani yale yana linamarini na yana kimeng'enya kingi, mchi ndo unaopasua seli. Na muhogo mchungu anaumenya, anauloweka siku tatu, kila asubuhi anazamisha mkono kwenye ndoo anabonyeza kwa kidole gumba, kama bado mgumu anafunika anaondoka, ukibonyea ndo anautoa anaumenyua kwa vidole anaanika kwenye jamvi. Siku zote hizo linamaresi inakata, na sianidi iliyoachiwa inachemka kwenye nyuzi joto 26 tu, kwahiyo jua la hapa linaifukuza lenyewe.

Watu wengi wanadhani moto unamaliza kila kitu, hapo ndo wanapokosea. Ukitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu mbichi kwenye maji yanayotokota, kinachokufa kwanza ni kimeng'enya, maana ni protini kama ute wa yai, ila linamarini inavumilia huo moto. Unabaki na sumu iliyofungwa na hamna wa kuifungua. Ukila, nyingine inatoka na mkojo, nyingine bakteria wa utumboni nao wana vimeng'enya vya namna hiyohiyo wanaikata humohumo, sianidi inaachiwa ndani yako. Fikiria togwa, kimea ukikitia uji ukiwa bado unatokota uji unabaki mzito hauna utamu, lazima ungoje upoe mpaka kidole kivumilie, ndo amilesi ya kimea ifanye kazi.

Nikiwa bwana shamba mgeni kazini nilifika kaya moja mwaka wa ukame. Muhogo walikuwa wanautwanga na kuuanika siku moja tu, njaa haikuwapa hizo siku tatu. Kulikuwa na binti wa rika lako, ameshika fimbo, anakanyagia ncha za vidole, magoti yanagusana. Aliamka tu asubuhi miguu imekakamaa. Alinikaribisha kwa bashasha akanivutia kigoda, akili yake nzima kabisa, ila miguu ile hairudi tena. Hali hiyo ya sumu ya muhogo inaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, daktari Trolli aliiandika mwaka 1938. Ng'ambo ya Ruvuma, Nampula kule Msumbiji, mwaka 1981 waliougua ni zaidi ya watu 1,000. Tarime iliwakuta miaka ya 1980, huku kwetu Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanaoumia zaidi ni watoto na wamama, tena wale wanaokula muhogo mtupu wiki kwa wiki, kwasababu mwili unaweza kuigeuza sianidi ikatoka na mkojo lakini unahitaji salfa, na salfa unaipata kwenye protini kama dagaa na mayai.

Sasa huo unga wa sokoni hamjui uliandaliwaje, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo ya unga. Fanya hivi, ni njia aliyoisambaza Howard Bradbury wa Canberra kule Australia na wenzake: weka unga kwenye bakuli, piga alama ulipoishia, tia maji huku unakoroga, utashuka kwanza, endelea mpaka urudi kwenye alama. Tandaza kwenye sinia usizidi unene wa sentimita 1, juani masaa 2 au kivulini masaa 5, alafu mpike sikuhiyohiyo. Ni linamaresi iliyobaki kwenye unga inaamshwa na maji imalizie kazi.

Leo nimempa kondakta kifurushi, unga umelowekwa siku tatu na bibi yako mwenyewe, na dagaa wapo chini kwenye gazeti. Kikifika nipigie, na uniambie ule wa sokoni mmeutandaza saa ngapi.

Baba yako